Pigo la Kichwa: Tuupe Ubongo Muda wa Kupona



Hapa Wampembe kazi zetu ni za ziwani na za shambani. Usiku wa giza wavuvi wanaingia Ziwa Tanganyika na taa zao kutafuta dagaa na migebuka. Mchana tunapanda milima kwenda mashambani. Tunakata kuni, tunateka maji. Vijana wanaendesha pikipiki katika njia za milimani kuelekea Namanyere. Jioni watoto wanacheza mpira.

Katika kazi zote hizi kichwa kinaweza kugongwa. Mtu anateleza juu ya mtumbwi uliolowa. Mwingine anaanguka kutoka juu ya mwembe. Mwingine anatupwa na pikipiki. Wachezaji wawili wanarukia mpira mmoja, vichwa vinagongana.

Mara nyingi mtu huyo anainuka, anajipangusa vumbi, anasema, "Mimi sijambo." Hana kidonda wala hatoki damu. Wenzake wanacheka kidogo, kazi inaendelea.

Lakini siku ya pili kichwa kinamuuma. Anasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Mwanga wa jua unamchoma macho. Anasahau alichotumwa. Anakasirika kwa jambo dogo. Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema ni malaria. Mwingine anasema ni uvivu tu. Mwingine ananong'ona kwamba ametupiwa kitu na jirani.

Kumbe ubongo wake umetikisika, na mwili uko kazini kuuponya. Katika makala hii tutaeleza kazi hiyo inavyokwenda na kwa nini inahitaji muda. Tusipoupa ubongo muda, pigo dogo linaweza kuleta ugonjwa wa miezi mingi, au hata kifo.

MTIKISIKO WA UBONGO NI NINI?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na nusu hivi, au pungufu kidogo. Ni laini kuliko maini ya ng'ombe. Umekaa ndani ya fuvu gumu la mfupa, na umezungukwa na maji kidogo ili usigonge mfupa ovyo.

Chukua yai. Litikise kwa nguvu karibu na sikio lako. Ganda halivunjiki, lakini ndani unasikia kitu kinacheza. Ndivyo ilivyo kwa kichwa. Fuvu linaweza kubaki zima, ngozi isichubuke, lakini ubongo ndani umetikisika. Huo ndio tunaouita mtikisiko wa ubongo. Wengi wanaoupata hawazimii. Kwa hiyo tusiseme, "Hakuzimia, basi hakuumia."

Ndani ya ubongo kuna nyuzi nyembamba sana zinazopeleka habari. Kichwa kikitikiswa, nyuzi hizo zinavutwa kama wavu uliokwama kwenye mwamba. Nyingi hazikatiki, lakini zinavuja. Chumvi zilizokuwa ndani zinatoka, na za nje zinaingia. Ubongo unaanza kuzirudisha mahali pake, na kazi hiyo inakula nguvu nyingi.

Fikiri mtumbwi unaoingiza maji. Wavuvi wote wanaacha nyavu, wanachota maji na kuyamwaga nje. Hakuna anayevua. Ubongo nao hufanya hivyo. Nguvu inakwenda kwenye matengenezo. Kwa kufikiri, kukumbuka na kusimama wima inabaki nguvu kidogo. Ndiyo maana mgonjwa anachoka upesi na kusahau. Huo si uvivu.

MWAKO: SUNGUSUNGU WA MWILI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kila mmoja wetu amewahi kuchomwa na mwiba mguuni. Baada ya muda mahali pale panakuwa pekundu, panapata moto, panavimba na kuuma. Mwiba wenyewe haukuleta moto. Moto ule ni kazi ya mwili unaolinda na kutengeneza mahali palipoumia. Waganga wa hospitali huita kazi hii inflamesheni. Sisi hapa tutaiita mwako, maana mahali hapo huwaka kama moto.

Ubongo uliotikisika nao hupata mwako. Tuueleze kwa mfano wa sungusungu wa kijiji.

Kwanza, kuna walinzi wanaokaa ndani ya ubongo siku zote. Ni chembechembe ndogo zinazoitwa mikroglia. Siku za amani zinapitapita kimya, zinakagua huku na huku, kama walinzi wa zamu.

Pili, pigo linapoingia, walinzi hao wanapiga yowe. Yowe lao si sauti. Ni kemikali zinazotoka chembe moja kwenda nyingine kuomba msaada. Wenzao wanaamka na kukusanyika mahali palipoumia.

Tatu, mishipa midogo ya damu ya mahali hapo inalegeza kuta zake. Maji kidogo na wasaidizi wengine wanapenya kuingia. Hapo ndipo uvimbe mdogo unapotokea.

Nne, kazi ya usafi inaanza. Vipande vilivyoharibika vinazolewa. Nyuzi zilizolegea zinatengenezwa. Kazi ikiisha, yowe linanyamaza, na walinzi wanarudi zamu yao ya kimya.

Basi mwako ni mzuri au mbaya? Ni kama sungusungu. Wakija upesi, wakafanya kazi na kurudi makwao, kijiji kinapona. Wakibaki wiki nyingi na mienge yao na marungu yao, wanaweza kumpiga hata asiye na hatia. Vivyo hivyo, mwako usiponyamaza kwa wakati wake, unaweza kuumiza hata nyuzi zilizokuwa nzima. Wataalamu wanaona kwamba huenda hii ni sababu mojawapo ya watu wengine kuumwa kichwa na kusahau kwa miezi mingi baada ya pigo.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya mguu na kichwa. Mguu ukivimba, ngozi inatanuka. Fuvu halitanuki. Ni kama chungu kilichofunikwa. Katika mtikisiko mdogo uvimbe huwa mdogo sana, hata picha za hospitali mara nyingi hazionyeshi kitu. Lakini uvimbe ukizidi, au damu ikivuja ndani, ubongo unabanwa na hauna pa kwenda. Hapo ni hatari ya kufa.

KWA NINI MWILI WOTE UNACHOKA?

Wengine huuliza, "Kilichogongwa ni kichwa, mbona mtu analegea mwili mzima na hataki kula?"

Jibu ni lile yowe. Kemikali za mwako huwafikisha watu kwenye hali ileile tunayoijua tukiwa na homa. Mtu anataka kulala, hataki kelele, chakula hakina ladha. Ni njia ya mwili kusema, "Keti chini, kuna matengenezo."

Lakini tuwe waangalifu. Malaria nayo huleta kichwa kuuma na kutapika. Mtu aliyegongwa kichwa akianza kutapika, tusimnunulie dawa ya malaria dukani na kungoja. Aende kituo cha afya apimwe, na jamaa yake aseme wazi, "Huyu juzi aligongwa kichwa." Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha, maana mganga hawezi kuliona pigo lisilo na kidonda.

Vilevile mlevi aliyeanguka na kulala fofofo tusimwache tukidhani ni pombe tu. Pombe na pigo la kichwa hufanana.

Na yule aliyebadilika tabia baada ya kuanguka, tusimtafutie mchawi. Hasira na kusahau ni dalili za mtikisiko. Kumtuhumu jirani hakutamponya mgonjwa, na kunaweza kuleta balaa la pili kijijini.

JE, TUUZIME MWAKO KWA DAWA?

Mtu anaweza kusema, "Kama mwako unaleta uvimbe, tutafute dawa kali ya kuuzima." Hata madaktari wakubwa waliwaza hivyo. Kwa miaka mingi baadhi yao waliwapa watu walioumia kichwa dawa za aina ya steroidi, ambazo hupunguza uvimbe.

Mwishowe dawa hiyo ilipimwa kwa haki. Utafiti mkubwa ulifanyika katika hospitali za nchi nyingi, ukahusu watu wazima 10,008 walioumia kichwa, wa pigo dogo na wa pigo kubwa. Nusu walipewa steroidi. Nusu walipewa dawa bandia isiyo na nguvu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004. Katika wale waliopewa steroidi, watu 21 hivi katika kila 100 walikufa ndani ya wiki 2. Katika wale wa dawa bandia, walikufa 18 hivi katika kila 100. Dawa iliyotegemewa kuokoa iliongeza vifo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

Tunajifunza nini? Kazi ya mwili tusiivuruge kwa kubahatisha. Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kuponya mtikisiko wa ubongo.

Kwa maumivu ya kichwa, parasetamoli inafaa, ile ambayo wengi tunaiita panadoli. Itumiwe kwa kipimo alichosema mganga. Siku za kwanza tusimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki bila kuambiwa na mganga, maana dawa hizi zinaweza kuzidisha damu kuvuja. Na tusimchanje chale kichwani. Chale hazifiki kwenye ubongo, bali zinafungua mlango wa wadudu wa magonjwa.

DAWA KUBWA NI KUPUMZIKA, KISHA KURUDI KIDOGO KIDOGO

Tuchukue mfano. Mvuvi amegongwa kichwa na mti wa kuvulia usiku wa pili wa giza. Hana dalili za hatari tutakazozitaja mbele. Lakini kichwa kinamuuma na anayumba. Anajua kwamba akikosa giza hili, mapato ya mwezi yamepungua. Ana watoto, ana deni dukani. Afanye nini?

Tunasema asiingie ziwani. Mtu mwenye kizunguzungu juu ya mtumbwi ni rahisi kuanguka majini, na wenzake gizani wasimwone. Nahodha mwenye busara atamwambia, "Kijana, lala. Ziwa halihami."

Siku 2 za kwanza apumzike nyumbani. Si lazima afungiwe chumbani. Anaweza kukaa kivulini, kutembea uani, kuzungumza kidogo. Ale chakula chake cha kawaida na kunywa maji ya kutosha. Asinywe pombe. Asiendeshe pikipiki.

Simu na video nazo aziache kwa siku hizo. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walitoa matokeo yao kuhusu watu 125 wa miaka 12 hadi 25 waliopata mtikisiko. Kundi moja liliruhusiwa kutazama simu na televisheni siku 2 za kwanza. Kundi la pili lilikatazwa. Nusu ya walioruhusiwa walikuwa wamepona kufika siku ya 8. Kwa waliokatazwa, nusu walikuwa wamepona katika siku 3 na nusu.

Usingizi asinyimwe. Zamani tuliambiwa kwamba aliyegongwa kichwa asilale usiku kucha. Leo waganga wanasema alale, maana usingizi husaidia ubongo kupona. Lakini usiku wa kwanza asilale peke yake. Jamaa awe karibu, amwangalie mara kwa mara, amwamshe kidogo na kumwuliza jina lake na yuko wapi. Asipoamka au akijibu ovyo, apelekwe hospitali saa ileile.

Baada ya siku 2, kulala tu mchana kutwa hakufai tena. Waganga wameona kwamba kutembea taratibu kunasaidia kupona. Basi aanze kazi ndogo: kuanika dagaa, kuanua, kuangalia watoto. Kesho yake aongeze kidogo. Kazi ikimzidishia maumivu au kizunguzungu, arudi hatua moja nyuma, apumzike, ajaribu tena kesho.

Akina mama wasirudi upesi kubeba ndoo ya maji au mzigo wa kuni kichwani. Shingo huumia pamoja na kichwa, na mtu anayeyumba anaweza kuanguka na mzigo wake. Waanze na kidumu kidogo cha mkononi. Waume na watoto wakubwa wasaidie kuteka maji siku hizo.

Mwanafunzi naye asirundikiwe kazi za darasani. Mzazi aende kumweleza mwalimu.

Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki 2 hivi. Watoto na vijana huweza kuchukua hadi wiki 4. Dalili zikipita hapo, mgonjwa arudi kituo cha afya.

PIGO LA PILI NI BAYA KULIKO LA KWANZA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ubongo ambao mwako wake haujanyamaza ni kama ukuta wenye ufa. Pigo la pili, hata dogo, linaweza kuuvimbisha ghafla na kuua. Jambo hili hutokea mara chache, na wanaopatwa zaidi ni vijana. Lakini likitokea ni vigumu kumwokoa mtu.

Kwa hiyo mchezaji aliyegongwa kichwa atoke uwanjani. Asirudi siku hiyohiyo, hata akisema yuko sawa, hata kama timu inafungwa. Hata sheria za mpira za dunia sasa zinalijali jambo hili. Tangu mwezi Julai 2024 zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kubadilisha mchezaji aliyetikisika ubongo. Ikiwa wachezaji wa kulipwa wanatolewa, iweje kijana wetu wa Wampembe arudishwe?

Tuseme na jambo la nyumbani. Mke anayepigwa makofi na ngumi za kichwa kila wiki anapata mtikisiko juu ya mtikisiko. Hakuna muda wa kupona. Mtoto anayezabwa kibao cha sikio naye ni hivyohivyo. Na mtoto mchanga asitikiswe kamwe kwa hasira, maana shingo yake haina nguvu na ubongo wake ni laini mno. Kumpiga mtu kichwani si kumfundisha adabu. Ni kumharibu akili.

DALILI ZA HATARI

Kutoka mwambao wetu mpaka hospitali ya Namanyere au Sumbawanga ni safari ya kupanda milima. Wakati wa masika njia ni mbaya. Kwa hiyo tusingoje kuche. Tukiona hata dalili moja kati ya hizi, tuanze safari mara moja:

1. Kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua.
2. Anatapika tena na tena.
3. Amezimia, au anasinzia na haamshiki.
4. Anapata degedege.
5. Anachanganyikiwa, hawatambui watu, au ulimi unakuwa mzito.
6. Mkono au mguu umelegea au umekufa ganzi.
7. Mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili.
8. Damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni.
9. Mtoto mchanga anakataa kunyonya, analia bila kunyamaza, au utosi umevimba.

Mzee aangaliwe kwa muda mrefu zaidi. Kwake damu inaweza kuvuja polepole, na dalili zikaja baada ya wiki kadhaa.

Mgonjwa abebwe kwa machela au ubao, amelala, shingo isigeuzwegeuzwe. Akitapika, alazwe ubavu huku kichwa na shingo vikishikwa pamoja, ili asipaliwe. Tusimpakie mshikaki katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Kijana mmoja atangulie kuwajulisha wauguzi. Anayemsindikiza akumbuke saa aliyogongwa na yote yaliyofuata.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Pigo lisilo na damu ni pigo pia. Mwako ni kazi ya mwili ya kuponya, na unahitaji muda na usingizi. Siku 2 tupumzike, kisha turudi kazini kidogo kidogo. Pigo la pili tuliepuke kwa kila njia. Wapanda pikipiki tuvae kofia ngumu, dereva na abiria wake.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Nasi tusome makala hii pamoja na wenzetu wasioweza kusoma, kisha tujadili:

1. Je, kuna mtu katika kikundi chetu aliyewahi kugongwa kichwa? Aliona dalili gani siku zilizofuata?
2. Mvuvi akigongwa kichwa wakati wa giza, wenzake wa mtumbwi wamsaidieje ili familia yake isilale njaa?
3. Mgonjwa wa hatari akitokea usiku kijijini kwetu, nani ana chombo cha usafiri, na machela iko wapi?

Swali la tatu tusiliache bila jibu. Tupange leo, kabla hajagongwa mtu.